Inchi Mbili za Mzee

Jina la Sindano alipewa na baba mkwe wake siku ya tatu tangu aolewe. Mzee alimwona kashika kipande cha kitambaa anakikunja pindo kwa mkono upande wa dirishani, akamtazama weee, kisha akamwita mkewe. "Njoo uone. Mwanao hakuleta mke hapa, kaleta sindano. Nyembamba, na ukiikalia vibaya itakuonyesha." Basi jina likamganda. Hata mumewe, ambaye ni dereva wa malori ya masafa, akipiga simu kutoka huko barabarani alikuwa akianza na, "Halo, Sindano." Mama mkwe naye alilizoea, ila akitaka kumbembeleza au kumtuma mbali, alimwita mwanangu.

Mzee alikuwa fundi wa suruali za kiume. Alishonea chumba cha mbele, cherehani ya miguu imegeuzwa kwenye dirisha ili apate mwanga, suruali zilizokwisha zimening'inia kwenye waya juu ya kichwa chake kama watu waliokosa kiwiliwili. Sindano yeye alikuwa na kazi yake kwenye karakana ya sare za shule, mitaa miwili kutoka nyumbani. Walikuwa wanawake kumi na wanane chini ya bati moja, na kelele za mashine zao ukizisikia ukiwa mbali utadhani mvua inakuja.

Mikono ya mzee ilikuwa bado mizima lakini macho yalikuwa yamechoka. Kutunga uzi kwenye tundu la sindano kulimtesa, na kuomba msaada hakutaka. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajaenda kazini, Sindano alimtungia sindano kumi na mbili za mkono na kuzichomeka kwenye kimto kidogo cha pamba: nne nyeusi, nne za buluu, nne za kahawia. Ili uzi upite, ncha yake lazima ilowe, na mafundi wote ncha huilowesha mdomoni. Mzee naye, akimaliza kushona, uzi hakuukata kwa mkasi. Aliukata kwa meno. Ilikuwa kazi ya dakika tano, hawasemi neno, lakini ndiyo iliyokuwa salamu yao.

Halafu ikaja korona.

Karakana ikaacha sare, ikaanza kushona barakoa. Sindano alipoanza kuwashwa koo alidhani ni vumbi la kile kitambaa chepesi. Siku tatu alikwenda kazini hivyo hivyo, na siku hizo tatu asubuhi alikaa na baba mkwe wake akamtungia sindano zake kumi na mbili, mdomo umekauka, analowesha ncha mara mbili mbili. Siku ya nne aliweka sabuni puani asisikie harufu. Akalala, akatetemeka siku tisa, akaamka amekonda hadi sketi zinamvuka.

Wakati yeye anaamka, mafua aliyokuwa nayo mzee ndiyo yanageuka kikohozi. Kikohozi chake kilikuwa na namna yake: viwili vya haraka haraka, kimya, kisha cha tatu kikavu, kama mkasi unaofungwa. Nyumba nzima ilijifunza kungoja hicho cha tatu. Siku ya kumi na mbili gari lilikuja kumchukua, na aliporudi alirudi kwenye mfuko, akabebwa na watu waliovaa nguo nyeupe mpaka usoni. Mama mkwe alitazama mazishi ya mumewe akiwa amesimama getini. Matanga hayakukaliwa, mikusanyiko ilikuwa marufuku. Majirani walinyanyua mikono tu kutoka ng'ambo ya barabara, nao wakaingia ndani wakafunga milango.

Habari ya zile sindano Sindano hakumwambia mtu. Aliikunja ndani yake kama kitambaa ambacho hutaki mwenyewe akione.

Sasa, miaka mitano alikuwa kwenye ndoa na mtoto hakuwa amepata. Si kwamba siku zake zilikuwa na matatizo. La, zilikuwa hazikosei hata kidogo. Shoga yake wa pale karakana, mwanamke mmoja aliyeitwa Kasuku kwa sababu hajawahi kunyamaza ila akiwa na pini mdomoni, alikuwa akimtania: "Serikali ingekuuliza wewe, kalenda isingechapwa." Lakini tangu augue, mwezi wa kwanza ukapita mtupu. Akasema ni udhaifu. Wa pili nao ukapita. Mumewe alikuwa nyumbani wakati wa msiba na majuma matatu baadaye, ndipo akarudi barabarani. Sindano akawa anahesabu kwa vidole chini ya meza ya mashine, anaogopa kufurahi.

Aliyesema kwanza ni mama mkwe. Walikuwa uani wanaanika nguo.

"Mwanangu."

"Bee, mama."

"Vitambaa vyako sivioni kambani. Mwezi wa pili huu unakwisha."

Sindano akatazama beseni. Mama mkwe akaweka chini shuka aliyokuwa akiikamua, akaketi pale pale kwenye saruji iliyolowa, akalia. Tangu gari lile lije hakuwa amelia. Alilia na huku anacheka, maji ya sabuni yanampita miguuni. Alipopata sauti alisema neno moja tu.

"Karudi."

"Nani, mama?"

"Unaniuliza nani? Mtu hakuagwa, hakuliliwa, hakukalishiwa hata mkeka. Atakwenda wapi? Kageuza njia, karudi kwake." Akanyoosha mkono, akauweka juu ya tumbo la Sindano, na mkono ule ulikuwa wa baridi kwa sababu ya maji. "Karibu, mume wangu," akasema.

Sindano alisikia nywele zinamsimama. Lakini hakuuondoa ule mkono. Angeuondoaje? Yeye ndiye aliyempeleka mzee kaburini, hivyo ndivyo alivyoamini. Na kama sasa tumbo lake linaweza kumrudisha, basi deni gani kubwa kuliko hilo litalipwa kwa njia nyepesi hivyo?

Alisema tu angependa kwenda kliniki apimwe. Mama mkwe akakaa wima. "Hospitali? Hospitali ndiko walikompeleka mwenzangu akatoka kwenye mfuko wa zipu. Hutampeleka mara ya pili. Na mumeo usimwambie kwenye simu, habari kama hii haipiti kwenye waya. Atakuja, ataona."

Kesho yake asubuhi mama mkwe aliingia chumba cha mbele, akafungua mtoto wa meza ya cherehani, akatoka na tepu ya kupimia ya mzee. Ilikuwa tepu ya manjano iliyochakaa, yenye bati dogo la shaba kila ncha. Akamzungushia Sindano kiunoni, akasoma: ishirini na tisa.

Majuma matatu nyuma, akipunguza zile sketi zilizomvuka, Sindano alijipima kwa tepu yake mwenyewe: ishirini na saba.

"Inchi mbili!" Mama mkwe alipiga vigelegele peke yake, chini kwa chini, kama mtu anayeogopa kuamsha jambo. "Inchi mbili, na bado mwezi wa tatu hatujaugusa. Mzee alikuwa mkubwa wa mifupa." Akamvika Sindano ile tepu shingoni. "Usiivue. Aijue harufu yake."

Tangu siku hiyo nyumba ikawa na watu watatu. Kiti cha mzee kiliondolewa ukutani kikawekwa mezani, na Sindano ndiye aliyekalishwa hapo. Asubuhi uji, saa nne uji, mchana sahani inajazwa, akiimaliza inajazwa tena. Kila Ijumaa alipimwa: ishirini na tisa na nusu, thelathini, thelathini na nusu. Mama mkwe akavua kaniki ya eda akaikunja, akavaa kitenge cha maua, akapita kwa majirani mlango kwa mlango kuwapa habari. Alikuwa akipita karibu na Sindano anainama kidogo, anasema na tumbo. "Umeamkaje? Yule mteja wako wa suruali ya kaki kaja kuichukua. Nimemwambia uko safarini." Anangoja kidogo, kama anayejibiwa, kisha anatikisa kichwa na kwenda zake jikoni.

Ijumaa ya nne kitu kikaanza kucheza. Sindano alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha mzee, anachagua vifungo, akasikia chini ya kitovu: kugonga mara mbili, haraka haraka. Kimya. Kisha mara ya tatu, kavu.

Vifungo vilimwagika vyote.

"Kacheza?" mama mkwe akaita kutoka jikoni, hata hajaambiwa.

"Mama, si mapema mno? Watu husema mwezi wa tano."

"Hao ni watoto wageni. Huyu njia anaijua."

Kuanzia hapo Sindano hakupumzika. Akiwa kwenye mashine, akiwa kwenye foleni ya maji, kile kitu kiligonga mara mbili, naye angesimamisha mkono hewani akingoja cha tatu. Asubuhi alipokwenda kuchukua mkoba wake alikiona kile kimto cha pamba dirishani, kina sindano kumi na mbili zenye nyuzi za siku ya mwisho, hakuna aliyezigusa tena. Mara moja alijaribu kuzitoa. Akaziacha.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyogeuka. Karakana ilikuwa imerudi kwenye sare, shule zinakaribia kufunguliwa. Kasuku tepu yake ilikatika asubuhi moja katikati ya kazi, akaja mezani kwa Sindano na kuinyakua ile ya shingoni.

"Niazime kamba yako ya uchawi."

"Kasuku, irudishe upesi. Mama atauliza."

"Atajua? Ina masikio?" Akaenda nayo, akakata sketi za darasa la kwanza, vipande ishirini na vinne, akavipeleka kwa msimamizi wao.

Msimamizi huyo walimwita Kamanda. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha jeshi. Dakika tano hazikupita.

"Kasuku! Hizi umeshonea wanasesere?"

"Inchi kumi na nane kamili, bosi, kama ulivyosema!"

"Kumi na nane ya nchi gani? Njoo upime mbele yangu!"

Kasuku akapima kwa tepu ya mzee: kumi na nane. Kamanda akapima kwa rula ndefu ya mbao: kumi na sita. Karakana yote ikanyamaza, mashine moja moja. Kasuku akaivuta ile tepu mpaka mwanzo wake, akaileta karibu na macho.

"Jamani! Hii inaanza na tatu! Moja iko wapi? Mbili iko wapi? Sindano, tepu yenu imekula namba!"

Wanawake wakaangua kicheko. Sindano akainuka. Ni kweli. Ncha ilikuwa imekatwa kwa mkasi, mkato wa mkono wa fundi, umenyooka, na lile bati la shaba likarudishwa na kubanwa kwa koleo vizuri kabisa. Fundi hasomi mwanzo wa tepu, husoma inapokutana. Akaelewa mara moja. Wakati maduka yamefungwa ncha ilichanika, mzee akaikata, na kila alipopima akatoa mbili kichwani. Suruali zake hazikuwahi kukosea.

Akachukua tepu ya karakana iliyokuwa ukutani, akaenda nyuma ya marobota ya kitambaa, akajizungushia. Ijumaa iliyopita nyumbani ilisoma thelathini na moja na nusu. Hapa ikasoma ishirini na tisa na nusu.

Ishirini na tisa na nusu ndicho kiuno alichokuwa nacho mwaka jana, kabla ya ugonjwa. Hakuwa amebeba mtu yeyote tumboni. Alikuwa amerudi tu kwenye mwili wake, kwa uji wa mama mkwe.

Kasuku akamfuata huko nyuma, hana utani tena. "Shoga. Una nini?"

"Niombee ruhusa kwa Kamanda," akasema Sindano. "Nakwenda kliniki."

Mkunga aliyempokea alikuwa mtu mzima, miwani imefungwa kamba, barakoa akiishusha kidevuni anywe maji, kisha akiipandisha. Alimpima mkojo kwanza. Kisha akamlaza kitandani, akampaka ule ute wa baridi, akapitisha kile kifaa juu ya tumbo lake, macho kwenye kioo kidogo chenye mwanga wa kijivu. Sindano alikazia macho kile kioo. Aliona kama moshi, na kama pazia, na mahali fulani alidhani ameona ukingo wa bega.

"Hakuna mimba, mwanangu," mkunga akasema taratibu. "Wala sioni dalili kwamba ilikuwepo. Nyumba ya mtoto iko safi, iko tupu."

"Lakini kinacheza."

"Kinachezaje?"

Sindano akamgongea kwenye ubavu wa kitanda. Viwili. Kimya. Kimoja.

Mkunga akavua miwani. "Huo ni utumbo. Kila mtu anao, ila si kila mtu anausikiliza. Mwili wa mtu mwenye hofu, au mwenye kutamani sana, unaweza kusadiki unachoambiwa kila siku. Siku zako zimekosa tangu lini?"

"Tangu niugue ile korona."

"Eeh." Akaandika. "Sasa sikiliza. Wanawake wengi waliougua wametuambia kitu kama hicho. Mwingine siku zinachelewa, mwingine zinakuja nyingi mno, mwingine maumivu yanazidi. Si wote, na wengi baada ya miezi michache hurudi sawa. Wataalamu bado wanachunguza ni ugonjwa wenyewe, au ni homa na kukonda, au ni msiba na mawazo. Wewe vyote umevipata. Lakini miezi mitatu bila kuona si jambo la kukaa nalo nyumbani. Tutakupima damu, tuone kama kuna sababu nyingine."

"Nitazaa?"

"Sijaona kitu cha kunifanya niseme hapana. Kukuahidi siwezi."

Sindano akajifuta ule ute, akavaa. Alipofika mlangoni akarudi nyuma. Akamwambia yule mgeni jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote: sindano kumi na mbili, ncha za nyuzi, meno ya mzee. Alilisema akitazama sakafu.

Mkunga akaweka kalamu chini. "Mlikuwa mnakaa chumba kimoja?"

"Ndiyo."

"Mnakula meza moja, mnazungumza?"

"Ndiyo."

"Ule ugonjwa husafiri zaidi kwa pumzi. Kwa uzi, sijui. Anaweza kuupata kwako, anaweza kuupata kwa mteja aliyekuja kupimwa suruali. Hakuna atakayejua, wala mimi, wala wewe. Hilo nalo utalibeba hivyo hivyo, halina jibu."

Njiani kurudi kitu kiligonga mara mbili. Alishajua ni utumbo. Hata hivyo alisimama katikati ya watu, mkono tumboni, akangoja.

Mlango wa nyumbani ulikuwa wazi, jua la alasiri limeingia mpaka katikati ya chumba cha mbele. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye cherehani. Mezani alikuwa ametandaza suruali ya mzee, ile ya sufu ya kijivu aliyoivaa kwenye harusi za watu. Ndiyo iliyokuwa imebaki. Nyingine zote zilizikwa au kuchomwa na wale watu wa nguo nyeupe. Alikuwa ameichora kwa chaki: kikoti kidogo, kofia ndogo, vijisoksi viwili. Mkasi mkubwa ulikuwa umeshafunguka, umeuma pindo la mguu wa kulia.

"Umekuja wakati mzuri," akasema bila kugeuka. "Nishikie hapa, inateleza. Nguo ya dukani ataililia. Hii ataitambua."

Sindano alijua kwamba akinyamaza nusu dakika, mkasi utapita, na baada ya mkasi kupita hatapata tena nguvu ya kusema. Atanyamaza mwezi wa nne, wa tano, wa tisa. Na mwezi wa tisa huyu mama atafiwa na mumewe mara ya pili, na safari hiyo hata suruali hatakuwa nayo.

"Mama, usikate."

"Kwa nini?"

"Nimetoka kliniki. Hakuna mtoto."

Mkasi haukusogea.

"Wamekosea," mama mkwe akasema.

"Wamenipima mkojo, wameniangalia kwa mashine. Hakuna, na hakuwahi kuwepo. Ni ule ugonjwa umezivuruga siku zangu, mkunga anasema wako wengine kama mimi. Na zile inchi, mama..." Akavua tepu shingoni, akaiweka mezani juu ya chaki. "Tepu inaanza na tatu. Mzee aliikata."

Mama mkwe aliitazama ile tepu muda mrefu. Kisha akauachia mkasi, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Alipoikata nilikuwa nimeishika ncha ya pili. Hapa hapa. Kila alipompima mtu alijisemea kwa sauti, 'Toa mbili, mzee, toa mbili.' Nilikuwa namsikia kutoka jikoni." Akaivuta tepu kwake, akaanza kuizungusha kwenye vidole. "Siku ile nilipokupima, masikio yangu yalisikia. 'Toa mbili.' Nikakataa kutoa. Nikasema hizi mbili ni zake, kaniachia. Hivi kweli mtu akiachiwa inchi mbili tu za mume wake, azirudishe?"

Sindano alipiga magoti kwenye saruji kando ya kiti. Kwa kuwa jambo moja lilikuwa limeshatoka, na la pili likatoka. Alimwambia habari ya asubuhi zile tatu, koo linawaka, ncha mdomoni. "Mimi ndiye niliyempa ugonjwa, mama. Nilimpa kwa mikono yangu. Kama ni kunifukuza nifukuze, nitampigia simu mwanao mwenyewe."

Alingoja kofi, au kilio. Mama mkwe akamtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua.

"Nyuzi?" akasema. "Nyuzi? Mimi ndiye niliyemtuma sokoni kununua vifungo. Alisema watu ni wengi huko, nikamwambia acha uvivu. Alirudi na vifungo sita vya kahawia na mafua. Wewe wakati huo hata homa haikuwa imekulaza."

Wakatazamana. Miezi yote hiyo walikuwa wamelala vyumba viwili vilivyopakana, kila mmoja amemuua mtu yule yule.

Jioni ile hawakupika. Mama mkwe aliikunja suruali ya sufu, ina jeraha la mkasi la kama nusu kidole pindoni, akaiweka kabatini. Kisha akaingia kulala kabla hata taa za mtaani hazijawaka, na Sindano hakumsikia kugeuka.

Asubuhi alimkuta ameshaoga, amevaa kaniki, anafunga kitambaa cha kichwa.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nilipita mlango kwa mlango kusema una mimba. Nitapita mlango kwa mlango kusema huna."

"Niache niongozane nawe."

"Mdomo ulikuwa wangu. Wewe chemsha chai."

Kupitia dirisha Sindano alimwona akivuka barabara, akagonga nyumba ya kwanza, akasema, akaenda ya pili. Alikuwa hakai. Maneno machache, anageuka. Nyuma yake milango ilibaki wazi na wanawake wamesimama vizingitini, wanatazamana. Basi haikuchukua muda. Wa kwanza alifika na khanga mabegani, wa pili na mkeka kwapani, na kufika saa nne chumba cha mbele kilikuwa kimejaa, wamekaa chini miguu imenyooshwa, wengine wameegemea cherehani. Walisema pole, mwanangu, Mungu atakupa mwingine. Pole ya nani, wakati hapakuwa na mtu? Sindano aliinamisha kichwa akazipokea.

Mama mkwe alirudi wa mwisho, akakuta nyumba yake imejaa. Alisimama mlangoni.

"Pole sana, dada, kwa mtoto," mmoja akaanza.

"Mtoto hakuwepo," mama mkwe akasema. "Aliyekufa ni mume wangu. Na hamkuja."

Yule mwanamke akavuta khanga yake mabegani. "Tulikatazwa, dada yangu. Unajua tulikatazwa."

"Najua. Sasa hamjakatazwa."

Akapita katikati yao, akaketi kwenye mkeka, akakunja miguu. Mwenye umri mkubwa kuliko wote akasogea mpaka magoti yao yakagusana, akamshika mikono. "Tuambie," akasema. "Ilikuwaje?"

Ndipo mama mkwe akaanza kusimulia, tangu mwanzo, tangu vifungo vya kahawia, na wanawake wakaitikia kila alipovuta pumzi.

Sindano akaenda jikoni, vikombe havitoshi. Nyuma yake akaingia mke wa kinyozi, binti mdogo, aliolewa mwaka jana tu. Akajifanya anatafuta maji ya kunawa.

"Shangazi," akasema kwa sauti ya chini, "hilo neno mama mkwe wako alilolisema pale mlangoni kwetu. Kwamba ugonjwa unaweza kuvuruga siku. Ni kweli, au ni la kujifariji?"

"Ni la mkunga. Kwa nini?"

Binti akafungua bomba, maji yakamwagika kwenye beseni, akayaacha yapige kelele. "Mimi zangu tangu nipone zinakuja mara mbili kwa mwezi, nzito, mpaka naona kizunguzungu. Mume wangu anadhani nimerogwa. Mimi nilidhani ni adhabu."

"Ya nini?"

Binti akatia mikono kwenye beseni. Sindano alifunga bomba, akampa vikombe vinne avibebe, yeye akabeba birika.

"Mkunga yuko Jumanne na Alhamisi," akasema. "Damu yangu inapimwa Alhamisi. Saa mbili nitakuwa mlangoni kwenu, uwe umevaa."